Kitabu cha Kusoma na Kitabu cha Kusikiliza: Kipi Ukiwa Peke Yako, Kipi Mkiwa Wote

Watu wakiniuliza wanunue kitabu cha karatasi au watafute cha sauti, huwauliza kwanza: katika usomaji huo, nani atakayetaka kusimama njiani, na mara ngapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloniongoza nyumbani kwangu Dar es Salaam, na limenifaa kuliko mabishano yote ya kipi ndicho kusoma kwa kweli. Mtu aliyeisikiliza riwaya hadi mwisho ameijua riwaya; anaweza kuisimulia, kuibishia, kuikumbuka miaka baadaye. Tofauti iko kwenye mwendo. Jicho likipoteza mstari hurudi lenyewe, linapanda juu, linalisoma jina upya, linashuka na kuendelea, na mwenye jicho hata hatambui. Sauti inakwenda tu. Ama unaandamana nayo, ama unanyoosha kidole uisimamishe.

Tuanze na hesabu ya muda, maana ndiyo inayowashangaza wengi. Ukurasa wa riwaya ukisomwa kwa sauti ya utulivu huchukua dakika mbili hadi tatu. Riwaya ya kurasa 200 basi ni saa saba hadi kumi za kusikiliza. Msomaji mzoefu akisoma kimyakimya huimaliza kabla ya hapo. Lakini saa za kusikiliza mara nyingi ni zile ambazo usingeshika kitabu kabisa: mikono iko kwenye maji ya sabuni, au umesimama kwenye basi la mwendokasi umeshikilia bomba la juu.

Ukiwa peke yako

Kwa kitabu kizito nachagua karatasi, bila kusita. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert. Karama amesimamishwa mbele ya baraza la mfalme, Waziri Majivuno amemshtaki, na utetezi wake wote ni visa vya wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali. Kila mjumbe anakwenda, anateseka njiani, anarudi na jambo la kuwafaa watu wake, kisha analipwa kifungo. Ukikisikiliza kitabu hicho huku unakata mchicha, mjumbe wa tatu na wa nne wanaanza kufanana masikioni, na unaweza kudhani mwandishi anajirudia tu. Kwenye karatasi unaweka kidole kwenye kisa cha kwanza, unafungua cha nne, unavisoma kwa pamoja. Hapo unaona kwamba marudio hayo ndiyo hoja yenyewe: safari zinabadilika, wajumbe wanabadilika, malipo hayabadiliki. Hoja ya namna hiyo inataka msomaji anayeweza kurudi nyuma mara kumi kwa jioni moja, na karatasi ndiyo inayoruhusu hilo bila usumbufu.

Vivyo hivyo kitabu chenye majina mengi, ukoo mrefu, au miaka inayorukaruka. Vivyo hivyo kitabu cha kiada. Mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani wa fasihi anahitaji nakala yake mwenyewe, penseli, na pembeni pa ukurasa pa kuandika "tamathali" au "mgogoro wa kitabaka". Sauti imfae kwa marudio tu, usiku kabla ya kulala, akiwa ameshakisoma kitabu.

Upande wa pili, kuna vitabu ambavyo nikiwa peke yangu naiacha karatasi makusudi na kuvisikiliza. Wasifu wa mtu ni mmoja wao. Maisha ya mtu yakisimuliwa tangu utoto hadi uzee yanakwenda mbele kama saa inavyokwenda, na sikio halipati shida kuyafuata. Masimulizi ya safari pia. Na hadithi za kusisimua: msomaji mwenye haraka huruka maelezo ya mandhari ili afike kwenye tukio, lakini sauti haimruhusu kuruka, na mara nyingi mandhari hayo ndiyo yaliyobeba hofu yote ya kisa. Mume wangu husikiliza za aina hiyo kwenye foleni ya Ubungo, na akifika nyumbani hukaa dakika kadhaa ndani ya gari amalizie sura. Namuelewa.

Tahadhari moja kwa wanaosikiliza kitandani: programu nyingi zina kipima muda cha kuzima sauti. Kiwekwe dakika 20, si zaidi. Bila hicho kitabu kinaendelea kusomwa wakati wewe umelala, na asubuhi hujui ulifikia wapi.

Utenzi na shairi

Hapa karatasi peke yake haitoshi, na nasema hivyo kama mtu anayependa karatasi. Utenzi umejengwa kwa vipande vya mizani nane, yaani silabi nane, vitatu vya mwanzo vikimalizika kwa kina kimoja, yaani silabi ya mwisho inayofanana, na cha nne kikibeba kina kingine, kiitwacho bahari, kinachorudi ubeti hadi ubeti. Mambo hayo yote ni ya sikio. Utenzi wa Mwana Kupona, alioutunga Mwana Kupona binti Msham wa Pate mwaka 1858 kumuusia binti yake, una beti zaidi ya 100, na lugha yake ni ya kaskazini mwa pwani. Msomaji wa bara, hata wa Tanga, akiufungua kwa mara ya kwanza hukwama kila ubeti kwa msamiati. Akiusikia ukighaniwa na mtu anayejua mahadhi, maana nyingi zinaingia zenyewe, kwa sababu sauti inampangia wapi pa kupumua na neno gani linajibu lipi.

Na bado mama yule, katika beti za mwanzo kabisa, anamwita binti aje akae na wino na karatasi. Alitaka wasia wake usikike na uandikwe vilevile. Kwa tenzi nashauri hivyo hivyo: tafuta nakala yenye sherehe, yaani ufafanuzi wa maneno magumu, tafuta na rekodi ya mghani mzuri, usikilize huku macho yako kwenye beti. Katika aina zote za maandishi, ni hapa tu ninapodai kwamba ununue vyote viwili.

Nyumba nzima ikiwa pamoja

Mtoto wa miaka sita hasikilizi hadithi kama mtu mzima. Anaikata. "Mama ngoja, kwa nini hakumwambia baba yake?" Halafu wa miaka tisa anamjibu, na jibu lake si sahihi, na mkubwa anawasahihisha wote wawili, na hadithi imesimama dakika tano. Dakika hizo tano ndizo nilizozitafuta. Usomaji wa familia ukikosa kukatwa, kuna mtu ameshaondoka kimawazo.

Ndiyo maana kwa watoto wadogo, kati ya kitabu cha karatasi kinachosomwa na mtu aliyekaa kwenye mkeka na rekodi nzuri kuliko zote duniani, namchagua mtu wa mkekani. Sauti yake inaweza kuwa ya kawaida, anaweza kukosea alama za kusoma, lakini anaona uso wa mtoto. Anaona pale mtoto anapoogopa, naye anashusha sauti. Anaona mtoto anafuata mstari kwa kidole, anapunguza mwendo mpaka kidole kifike. Mtoto wangu wa mwisho alianza kuyatambua maneno mwenyewe kwa njia hiyo: neno "sungura" lilirudi mara nyingi kwenye kurasa zile hadi siku moja akalitangulia kulisema.

Desturi yetu ya hadithi nayo inataka mjibizano. Msimulizi akisema "Paukwa!" anangoja "Pakawa!". Rekodi nyingi hazingoji. Zinasema paukwa na kuendelea, na watoto wanabaki na jibu mdomoni. Ukikuta rekodi ambayo msimulizi ameacha nafasi ya kujibiwa, ithamini, maana imetengenezwa na mtu anayejua hadhira yake.

Lakini siisukumi sauti nje ya mlango. Waliokua enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam wanaikumbuka Mama na Mwana, kipindi cha hadithi za watoto ambacho kiliwakusanya watu mbele ya redio. Redio haikuweza kusimamishwa, hivyo maswali yote yalisubiri hadi mwisho, na mazungumzo yakaanza kipindi kikiisha. Kizazi kizima kilijifunza kushika maswali kichwani. Hilo nalo ni zoezi zuri kwa mtoto aliyefika miaka tisa au kumi. Hapo ndipo kitabu cha sauti kwenye spika ya sebuleni kinapoanza kushindana kwa haki na mama mwenye kitabu mkononi.

Kwetu kuna kanuni moja ya spika: simu inakaa kwa mdogo kuliko wote, na yeye ndiye mwenye haki ya kusimamisha. Ukiiacha simu kwa mtu mzima, tutasikiliza sura nzima bila kukatwa na wadogo watalala au watahamia kwenye vitu vyao. Ikikaa kwa mdogo, tunasimama mara nyingi, sura moja inachukua jioni nzima, na wote tunafika mwisho tukiwa tunakijua kisa.

Hadithi za upelelezi ni jambo la pekee. Tulisomeana Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, pamoja na mkubwa aliyefika miaka 13 na baba yake. Mauaji yametokea, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anatafuta ukweli, na kila mmoja sebuleni ana mtuhumiwa wake. Kitabu kikiwa mikononi mwa mmoja peke yake, kishawishi cha kufungua ukurasa wa mwisho ni kikubwa. Kikisomwa kwa sauti, wote wanajua kiasi kilekile kwa wakati uleule, na ubishi unakuwa wa haki. Kwa riwaya za aina hii sauti, iwe ya rekodi au ya mtu, inaishinda karatasi ya kimyakimya kwa mbali.

Mzee ambaye macho yamechoka

Mama mkwe wangu alikuwa msomaji mkubwa wa riwaya na magazeti hadi mtoto wa jicho alipomfunga. Kabla ya upasuaji, kwa muda mrefu kidogo, karatasi ilikuwa imekwisha kwake. Kwa mtu kama huyo hakuna ulinganisho wa kufanya. Sauti ndiyo usomaji. Ninachoweza kusaidia ni namna ya kumwekea, maana simu ya kugusa ilimshinda. Vidole vikavu havikubaliwi na kioo, na kila akigusa kitu kingine kinafunguka.

Kilichofanya kazi ni redio ndogo ya kuchomeka memori kadi, zile zinazouzwa kila duka la vifaa vya umeme. Ina vitufe vya kweli: cha kuwasha, cha mbele, cha nyuma. Lakini nyingi kati ya hizo zikizimwa zinasahau zilipofika ndani ya faili na kuanza faili hilo mwanzo. Kwa hiyo usimwekee kitabu kama faili moja la saa nane. Kigawe vipande vya dakika 15 au chini ya hapo, vipe majina yanayoanza na namba, 01, 02, 03, vinakiliwe kwenye kadi kwa mpangilio huo huo. Akizima redio aswali, akirudi atarudia dakika chache tu. Tangu mpangilio huo uwepo, Bibi alikuwa akisikiliza mchana kutwa na kumjibu msomaji kana kwamba yuko naye chumbani: "Aa, huyo mkeo anakudanganya, subiri utaona."

Alipofanyiwa upasuaji na kuona tena, alirudi kwenye karatasi yenye maandishi makubwa, lakini redio hakuiacha. Anasoma asubuhi kukiwa na mwanga wa jua, anasikiliza usiku. Nadhani huo ndio mgawanyo bora kwa wazee wengi.

Safarini

Nitasema kwa ufupi: sauti. Dar hadi Tanga ni kilomita 350 hivi, na kati ya Chalinze na Segera mtoto anayesoma kitabu ndani ya gari huanza kulalamika tumbo. Sikio la ndani linahisi gari linakata kona, jicho limetulia kwenye ukurasa, ubongo unapata habari mbili zinazopingana, na kichefuchefu kinaanza. Kitabu kikisikilizwa, macho yako dirishani. Ndani ya gari lenu tumieni spika ya gari. Kwenye basi, hedifoni moja igawanywe kwa watoto wawili, sikio moja kila mmoja. Watabishana na kucheka pamoja, wakati kila mmoja akiwa na yake mmepanda basi moja na kusafiri mbalimbali.

Gharama na upatikanaji

Kitabu cha karatasi unalipa mara moja. Unaweza kukiazima, kukirithisha, kukiuza kwa wauza vitabu vya mitumba, na umeme ukikatika kinasomeka kwa mshumaa. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, bado ni njia nafuu kwa familia inayosoma vitabu vingi kuliko mfuko unavyoruhusu. Mpeleke mtoto aone rafu zenyewe.

Sauti inataka bando, lakini si kubwa kama watu wanavyoogopa. Faili lililobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kabisa kwa mtu mmoja anayesoma, lina kama megabaiti 29 kwa saa. Kitabu cha saa kumi ni megabaiti 290 hivi. Kiwango kikiwa 128, zidisha mara mbili. Kinachomaliza bando ni kusikiliza simulizi kupitia video, ambako unalipia picha usiyoitazama, na kuisikiliza upya kila mara bila kuipakua. Pakua mara moja, sikiliza mara kumi.

Tatizo kubwa ni lugha. Huduma kubwa za kulipia kwa mwezi, kama Audible iliyoko chini ya Amazon tangu mwaka 2008, zimejaa Kiingereza. LibriVox, ambayo tangu 2005 inakusanya rekodi za watu wa kujitolea wanaosoma vitabu visivyo tena na hakimiliki, ni bure na ni msaada mkubwa kwa kijana anayejifunza Kiingereza. Riwaya za Kiswahili zilizorekodiwa kwa idhini ya waandishi wake bado ni chache mno mbele ya zilizochapishwa, na hilo linaniuma, kwa sababu lugha yetu ina wasimulizi kila mtaa. Simulizi zimejaa mitandaoni, nyingine zimetungwa na kusomwa na wenyewe, na hizo zisikilizwe na zilipwe. Nyingine ni riwaya ya mtu imesomwa bila yeye kujua. Kabla hujapakua, angalia kama jina la mwandishi limetajwa na kama kuna dalili yoyote ya ruhusa. Mwandishi asiyelipwa hataandika cha pili.

Kwa watoto wadogo, mradi wa African Storybook una hadithi za picha za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na unaruhusiwa kuzichapa. Steshenari ya mtaani itakutolea kijitabu kwa gharama ya karatasi tu.

Kuhusu sauti za mashine: kwa taarifa ya habari au makala fupi zinafaa. Kwa riwaya naziepuka. Zinasoma maneno ya mhusika mwenye hasira na ya mhusika anayebembeleza kwa sauti ile ile, na mazungumzo ya Kiunguja au Kimvita yanatoka kama tangazo la uwanja wa ndege. Mtoto anayejifunza lugha asilelewe na sauti hiyo.

Sauti ya nyumbani

Wifi yangu anaishi Muscat. Wanawe wanaelewa Kiswahili chote kinachosemwa nyumbani, lakini shuleni wanasoma Kiarabu na Kiingereza, na ukurasa wa Kiswahili unawachosha. Kuwanunulia kitabu peke yake hakukusaidia. Rekodi ya kulipia peke yake isingewafundisha kusoma. Tulichofanya ni kununua nakala mbili za kitabu kimoja cha hadithi fupi, moja ikaenda Muscat, nyingine ikabaki kwa Bibi. Bibi anasoma hadithi, tunarekodi kwa simu, tunatuma kwa WhatsApp. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo hurekodi kabla ya magharibi ili imfikie mjukuu kabla hajalala. Watoto wanafuata kwenye ukurasa huku wakimsikiliza bibi yao. Maswali yanarudi kwa ujumbe wa sauti, naye anayajibu kabla ya kuanza hadithi inayofuata.

Ukitaka kujaribu, zima feni, maana inasikika kuliko unavyodhani. Rekodi chumbani penye godoro na mapazia, si sebuleni penye sakafu tupu. Simu iwe umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Taja jina la hadithi na ukurasa unaoanzia. Usizidishe dakika kumi kwa rekodi.

Kwa familia yenye fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, ushauri wangu ni kununua kitabu cha karatasi chenye sura fupi, na yule anayesoma vizuri kuliko wote akisome kwa sauti jioni huku simu ikirekodi mezani. Mzee ana cha kusikiliza mchana, aliye safarini ana cha kusikiliza basini, na nakala bado iko rafuni kwa anayetaka kurudi ukurasa wa kwanza.